Nakala ya elfu nne, karatasi mbili pungufu

Kitabu nilikinunua Jamatini, hapa Dodoma mjini, kwa kijana anayetandaza vitabu chini juu ya turubai la bluu, katikati ya muuza zabibu na fundi simu. Alianzia elfu sita. Nikamwambia, mwanangu, hiki kimeshasomwa na darasa zima, tazama mgongo wake. Akasema, "Mama, kitabu kizuri ndicho kinachochakaa." Nikamjibu kwamba kwa vumbi la Dodoma hata kibaya kinachakaa. Tukamalizana kwa elfu nne. Things Fall Apart, cha Chinua Achebe wa Nigeria, riwaya iliyotoka mara ya kwanza London mwaka 1958.

Hali ya nakala yenyewe: jalada limeungwa kwa selotepu iliyogeuka rangi ya chai. Ndani kuna mhuri wa shule, na jina lake silitaji. Waliopoteza kitabu wanajijua. Herufi ni ndogo, zinataka miwani na taa nzuri. Kuanzia katikati karatasi zinaachia moja moja ukizifungua kwa pupa, na karatasi mbili, yaani kurasa nne, hazimo kabisa. Kijana hakuniambia, na sitasema alijua. Nitawaeleza ni zipi nikifika huko, kwa maana zilinifanya nimseme mtu vibaya bure kwa wiki tatu nzima.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya wodi ya wazazi na kwenye zahanati za vijijini, Chamwino na Bahi. Kiingereza changu ni cha kitabu cha ripoti: mgonjwa kalala vizuri, homa imeshuka, dripu imebadilishwa saa nane. Nilidhani riwaya ya Kiingereza itanishinda kwenye ukurasa wa pili. Haikunishinda. Achebe anaandika sentensi fupi, kama mzee anayeongea akijua hakuna atakayemkatiza, na methali zake ukizitia kwenye Kiswahili zinakaa kama zilizaliwa huku. Tafsiri ya Kiswahili ipo, Shujaa Okonkwo, kazi ya Clement Ndulute, ya mwaka 1973. Nimeitafuta mjini humu sijaipata. Kwa hiyo yote nitakayosimulia hapa ni kwa Kiswahili changu mwenyewe, msinipime kwa rula.

Mwenye nakala hii kabla yangu alikuwa na kalamu nyekundu. Mwandiko ni wa kike, nadhani, wa duaraduara. Pembeni mwa kurasa ameandika maneno mawili yale yale kwa herufi kubwa: MILA POTOFU. Nimehesabu, yamo mara kumi na saba. Mapacha wanatupwa porini: MILA POTOFU. Mwanamume ana wake watatu: MILA POTOFU. Wazee wanavunja kokwa ya kola na kuombeana heri kabla ya mazungumzo: MILA POTOFU. Hapo nadhani alikuwa na usingizi.

Simcheki. Maneno hayo ni yangu pia. Nimeyatamka kwenye mikutano ya vijiji nikiwa nimevaa gauni la kazi, watu wamekaa chini ya mbuyu wananitazama kwa adabu, wengine wanasubiri soda. Yana faida moja: mada inaisha kabla ya saa saba. Hasara yake ni kwamba ukishayatamka huulizi tena ni nani hasa aliyefanya nini, na alikuwa na nafasi gani ya kufanya vingine. Mimi nimekisoma kitabu hiki chote kama swali hilo.

Kwa ambaye hajakisoma: Okonkwo ni mkulima wa viazi vikuu katika kijiji cha Umuofia, nchi ya Waigbo, miaka ile wazungu wanaanza kuingia. Baba yake, Unoka, alikuwa mpiga filimbi, mvivu, mwenye deni kila nyumba. Alipovimba tumbo walimpeleka Msitu Mwovu akafie huko, kwa maana ugonjwa huo ulikuwa chukizo kwa mungu wa ardhi na aliyekufa nao hakuzikwa. Akaondoka na filimbi yake. Okonkwo anaapa asifanane na baba yake hata ukucha. Anashinda mieleka, anakopa mbegu za viazi mia nane, anajenga boma, anaoa wake watatu, anaogopwa. Ukitaka kujua mtu huyu anaabudu nini, acha kuhesabu miungu ya kijiji, mtazame anavyokimbia kivuli cha Unoka.

Kuna mtoto anaitwa Ikemefuna. Alitolewa na kijiji cha Mbaino kama fidia ya mwanamke wa Umuofia aliyeuawa huko, akawekwa nyumbani kwa Okonkwo, akakaa miaka mitatu. Akamwita baba. Akawa kaka kwa Nwoye, mtoto wa kwanza wa Okonkwo, ambaye kabla ya hapo alikuwa amejikunyata kama kifaranga kilichonyeshewa. Kisha mungu wa Milima na Mapango akaamua auawe. Hapo kalamu nyekundu imepiga mistari mitatu, karatasi ilikaribia kutoboka: MILA POTOFU ILIMUUA IKEMEFUNA.

Mwanangu, rudi nyuma kidogo. Mzee Ezeudu, mtu mzito pale kijijini, alikuja akamtoa Okonkwo nje ya nyumba, akamwambia: kijana huyu anakuita baba, usitie mkono wako katika kifo chake. Huyo ni mzee wa mila anayesema. Alimfungulia mlango wa kubaki nyumbani bila aibu yoyote. Hakubaki. Akaandamana na wenzake mpaka msituni, na mtoto alipopigwa panga la kwanza akamkimbilia yeye akilia baba, wameniua. Okonkwo akachomoa panga lake akammaliza, kwa sababu aliogopa wenzake wasije wakamwona dhaifu. Baadaye rafiki yake Obierika anamwambia pasipo kuficha: mungu angeagiza mwanangu auawe, nisingebisha, na wala nisingekuwa mimi wa kuua. Obierika alikulia kijiji hicho hicho, akachinja kuku kwa miungu hiyo hiyo, na siku ya kwenda msituni alibaki kwake.

Hapo nilikifunga kitabu nikatoka nje kuanua nguo ambazo hazikuwa zimekauka.

Na mila hiyo hiyo, msisahau, ndiyo iliyomwadhibu Okonkwo alipompiga mke wake wa tatu, Ojiugo, katika Wiki ya Amani. Kuhani alimtoza mbuzi jike mmoja, kuku, doti ya kitambaa na kauri mia moja. Wiki moja kwa mwaka mwanamke yuko chini ya ulinzi wa ardhi yenyewe. Wiki hamsini na moja zilizobaki, kila mtu na mlango wake. Kalamu nyekundu pale haikuandika kitu.

Lakini kitabu changu mimi ni sura ya tisa. Ekwefi, mke wa pili, amezaa watoto kumi, wamezikwa tisa. Majina aliyowapa ndiyo yaliyonikamata koo. Mmoja alimwita Onwumbiko, kifo nakusihi. Akafa. Aliyefuata akamwita Ozoemena, lisitokee tena. Likatokea. Baadaye akamwita mwingine Onwuma, kifo na kijifanyie kipendavyo. Kikafanya. Mpaka wa kumi, msichana, Ezinma, ambaye mama yake anamtazama kila siku kama mtu anayehesabu pesa za kuazima.

Mimi naitwa Tabu. Kabla yangu walitangulia watatu, na wote hawakufika umri wa kutembea vizuri. Huku kwetu mtoto anayezaliwa nyuma ya misiba hapewi jina la kujivunia. Wapo akina Shida, Mateso, Masumbuko. Bibi yangu alisema jina zuri linaita macho, na kifo nacho kina macho. Shuleni walinitania, kazini wagonjwa walicheka: unaumwa, halafu anayekuja na sindano anaitwa Tabu. Nimeishi na jina hili miaka yote nikilichukulia kama kovu la mtu mwingine. Ilinibidi nimsome mama mmoja wa Nigeria, wa kubuni, ndipo nikae chini nijiulize mama yangu alikuwa anaongea na nani siku aliponiita hivyo.

Waganga wa Umuofia wana maelezo yao. Ezinma ni ogbanje, mtoto mmoja mwovu anayekufa na kurudi tumboni mwa mama yule yule ili amtese. Mmoja wa waliomtangulia walimkatakata baada ya kufa, wakamburuta mpaka Msitu Mwovu, ili asitamani kurudi. Mimi nimefanya kazi wodini. Nikisikia nyumba inapoteza watoto mfululizo kichwa kinakimbilia seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba kinasaba kile, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto mgonjwa, na zamani, bila matibabu, wengi wao walikufa wakiwa wadogo. Wapo wataalamu waliohusisha imani ya ogbanje na ugonjwa huo. Tisa kati ya kumi inazidi hesabu hiyo, lakini malaria nayo haikuwa imelala. Achebe hasemi neno hata moja juu ya damu, na namshukuru. Angesema, tungepumua tukamwacha Ekwefi peke yake na mashimo yake tisa.

Badala yake anatupeleka kwenye shimo la kumi, lile lenye jiwe. Mganga Okagbue anamwuliza mtoto alikofukia iyi-uwa yake, kitu kinachomfunga na wenzake wa upande wa pili. Ezinma anawazungusha watu wazima porini, anawarudisha nyumbani, anaonyesha karibu na mchungwa. Wanachimba mpaka mtu anazama humo. Okonkwo anafoka, mganga hana haraka, na mwisho linatoka jiwe laini ndani ya kitambaa kichafu. Unaweza kusema mganga aliliweka mwenyewe. Nimewaza hivyo pia. Lakini tazama kilichofuata: Ekwefi anaanza kuamini kwamba huyu atakaa. Tangu siku ile anampenda mtoto wake bila kujikinga. Nimewahi kuwaona kina mama ambao dawa waliitoa kwangu na kulala usingizi wakautoa kwa mganga, na nilikuwa nawakaripia. Siku hizi nisingewakaripia kwa sauti ile.

Nisiseme uongo, kuna niliowakaripia kwa haki. Degedege. Wasomaji wa huku mnalijua: mtoto ana malaria kali, anakakamaa, macho yanageuka juu, na nyumba nzima inasema limemwingia shetani, apelekwe kwa mganga, akichomwa sindano atakufa. Imani hii nimepambana nayo miaka ishirini na kitu, na ilinichukua muda kuona ilivyokuwa inajilisha yenyewe. Kwa kuwa waliogopa sindano, walimleta mtoto akiwa amebakiza pumzi mbili. Tukamchoma sindano, akafa. Mama akarudi kijijini na ushahidi. Hakuna mjinga katika hesabu hiyo. Kila mmoja aliona kwa macho yake.

Usiku mmoja wa mwezi Machi, kwenye zahanati nisiyoitaja, alikuja msichana wa kama miaka kumi na tisa, amebeba mtoto, ametembea peke yake kwa mguu. Hakuwa na kadi ya kliniki. Kitu cha kwanza alichoniambia ni: "Shikamoo dada, nimemwiba." Alikuwa amemwiba mtoto wake mwenyewe kutoka kwa mama mkwe. Yule mtoto alipona. Sikujua la kumjibu, nikamwambia marahaba, mlaze hapa.

Msichana huyo ndiye niliyemwona niliposoma sura ya kumi na moja. Chielo, jirani wa kawaida kabisa anayeuza vitu sokoni na ni rafiki wa Ekwefi, usiku anapandwa na mungu Agbala, anakuja kumchukua Ezinma ampeleke pangoni. Okonkwo anamsihi arudi asubuhi, mtoto kalala, anaambiwa mtu hajibizani na mungu. Chielo anambeba mtoto mgongoni anapotea gizani. Ekwefi anabaki mlangoni kidogo, halafu anawafuata. Imekatazwa, anawafuata. Anapita vijiji tisa na kurudi, anajikwaa, anaogopa, mpaka kwenye mdomo wa pango ambao hauzidi tundu la kuku kwa upana, na pale anaapa moyoni kwamba akisikia mtoto analia ataingia apambane na miungu yote ya dunia, afe naye.

Msije mkasema mungu wa pangoni ni habari za mbali. Kondoa, kwenye miamba ya michoro ya Kolo iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, watu bado wanapeleka sadaka zao za mvua na za uponyaji. Watalii wanaenda asubuhi, wenye shida zao wanaenda kwa wakati wao.

Basi, pale pale Ekwefi amesimama mbele ya pango, machozi yanamtoka, ndipo karatasi zangu mbili zinapokosekana. Ukigeuza unakuta watu wako kwenye sherehe ya posa ya binti wa Obierika, wanapika, wanahesabu vyungu vya mvinyo wa mchikichi. Nilidhani Achebe mwenyewe ameruka. Nikahitimisha: mama alikesha pangoni, baba alilala. Usiku mwingine, Ezinma aliposhikwa na homa, Okonkwo alichuma dawa za mizizi na magome, ndiyo, lakini kuchuma dawa ni kazi ya mume, ana jina la kulinda. Kumfuata mtoto gizani, hapo hakuna wa kukuona. Kwa wiki tatu nilimsema kwa binti yangu kwenye simu, kwa jirani yangu, kwa mchungaji wangu hata. Mwanamume wa mchana, nilimwita.

Nirudi kwa kalamu nyekundu, nimtendee haki. Kuna mahali aliandika MILA POTOFU nami nikaitikia. Mapacha wa Umuofia wanatiwa kwenye vyungu na kutupwa Msitu Mwovu. Mwanamke anayeitwa Nneka ametupiwa watoto wa mimba nne, mapacha kila mara. Ana mimba nyingine, na anakimbilia kanisani. Nimezalisha mapacha sikumbuki mara ngapi. Najua uzito wa yule wa pili anapotoka, mdogo, mama ameshachoka, na hakuna anayemtarajia kama wa kwanza. Pale sina ufafanuzi wala busara ya kuongeza. Hata Obierika, yule mwenye akili, aliwatupa wa kwake, kisha anakaa peke yake anajiuliza walikuwa wamekosa nini. Anajiuliza vizuri. Wameshatupwa.

Huku kwetu nasi tulikuwa na lawalawa. Mtoto wa kike anawashwa, anapata maambukizi ya kawaida ya sehemu za siri, yale yanayoondoka kwa usafi na vidonge, wazee wanasema ni lawalawa na dawa yake ni kukeketwa. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ilipoharamisha ukeketaji wa mabinti, baadhi ya familia hazikuacha; walihamisha wembe kwa watoto wachanga, ambao hawawezi kusimulia. Nimelijua hilo kwenye mizani ya kliniki, namgeuza mtoto wa miezi miwili. Mama yake alikuwa anatazama ukutani. Naye hakuwa ameulizwa. Ningekuwa na kalamu nyekundu siku hiyo ningeandika kama alivyoandika yule mwanafunzi, na kwa hasira zaidi.

Kwa hiyo ugomvi wangu naye ni mdogo lakini nimeukazia. Neno moja kwa vitu vyote linaficha. Linamfanya Ezeudu na aliyeshika panga wawe mtu mmoja, na Nneka anayekimbia na mume asiyemfuata wawe mtu mmoja.

Mengine niyapitie. Mwaka wa ukame katika sura ya tatu, jua linakaanga mbegu, kisha mvua inakuja kwa ghadhabu na kuzoa kilichobaki, mpaka mkulima mmoja anajinyonga: aliyelima uwele Ugogo, kwenye mvua yetu ya msimu mmoja, hahitaji maelezo. Bibi alikuwa anahesabu umri wa watu kwa Mtunya, ile njaa kuu ya 1917 hadi 1920. Uhamisho wa miaka saba kule Mbanta, kijiji cha mama yake Okonkwo, baada ya bunduki kulipuka na kumuua mtoto wa Ezeudu kwa bahati mbaya, ni sehemu tulivu, na mjomba Uchendu anasema maneno mazuri juu ya mama kuwa kimbilio, ingawa Okonkwo hasikii.

Kanisa linapoingia, nilisoma kwa tahadhari, kwa kuwa mimi ni Mwanglikana wa kuzaliwa. Wamisionari wa CMS, shirika la Waanglikana wa Uingereza, walifika Mpwapwa miaka ya 1870, na babu yangu alibatizwa kijana akiwa na jina la Kigogo akatoka na la Biblia, kama Nwoye anavyogeuka Isaac. Achebe haonyeshi Nwoye akishawishika kwa hoja. Utatu haumwingii kabisa. Kinachomvuta ni wimbo, kwa sababu ndani yake kuna kilio cha mapacha porini na Ikemefuna aliyeuawa. Babu naye alikuwa akisema aliingia kanisani kwa sababu ya sauti za kuimba. Sikuwahi kumwuliza kabla ya hapo alikuwa amesikia nini.

Kasoro za kitabu, kwa kuwa nimelipa. Theluthi ya kwanza ina majina mengi mno. Nilitengeneza orodha nyuma ya risiti ya umeme. Wanawake wengi hawapewi nafasi ya kutosha, na mama yake Nwoye, mke mkubwa, anayeonekana tangu mwanzo, hatajwi jina lake hata mara moja. Ni mama yake Nwoye tu. Nilitaka kukasirika, nikakumbuka kwamba katika nyumba kumi za mtaa wangu huku Nkuhungu naweza kutaja majina ya kina mama wawili. Waliobaki ni Mama Fulani na Mama Fulani. Mwisho unaumiza. Okonkwo anamkata kichwa tarishi wa serikali, wenzake hawamfuati, anajinyonga, na kwa kuwa kujiua ni chukizo kwa ardhi, ndugu zake hawaruhusiwi kumgusa. Atazikwa na wageni, kama takataka. Alimkimbia Unoka maisha yake yote wakakutana hapo. Halafu mkuu wa wilaya, mzungu, anawaza kwamba mtu huyu atamtosha aya moja kwenye kitabu anachokiandika.

Sasa karatasi. Binti yangu yuko UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Alichoka kusikia nikimsema Okonkwo, akaenda maktaba, akapata nakala nzima, akazipiga picha zile kurasa nne akanitumia. "Mama, soma kwanza halafu unipigie."

Okonkwo alikwenda. Ekwefi amesimama mbele ya pango, anasikia kishindo nyuma yake, anageuka, ni mume wake ameshika panga. Na asubuhi yake tunaambiwa kwamba hakufumba jicho usiku ule, kwamba alikwenda pangoni na kurudi mara kadhaa, na mke wake alimkuta katika safari ya nne. Mtu aliyemuua Ikemefuna asionekane dhaifu, alikuwa anatembea gizani kama mama, na alihakikisha hakuna anayejua.

Mama yangu ninaishi naye. Haoni vizuri na Kiingereza hajui, kwa hiyo jioni namsimulia kwa Kigogo na Kiswahili, nikichanganya. Nilimsimulia kuanzia majina ya watoto wa Ekwefi. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe, hakunywa. Nilipofika pangoni, panga, safari ya nne, akauliza: "Aliwaambia watu?"

Nikasema hapana, mama, hakumwambia mtu.

"Baba yako naye."

Nikamwuliza baba yangu naye nini. Akakaa muda. Kisha akasema nilikuwa na miaka minne, tulikuwa tumeshahamishiwa kijijini na Operesheni Dodoma, nikashikwa na degedege. Wazee wa ukoo walikaa, wakasema huyu ni wa nne, sindano isimguse. Baba akasema sawa, mbele yao wote, akachinja kuku wakala. Usiku akatutoa kwa mlango wa nyuma, mama amenibeba mgongoni, akatupakia kwenye baiskeli yake ya Phoenix mpaka hospitali ya Mvumi, tochi hakuwasha. Alfajiri alikuwa amerudi, anafungulia mbuzi. Wakamwuliza mke wako yuko wapi, akasema nimemrudisha kwao, tumegombana. Kijiji kilimcheka mwezi mzima kwa kushindwa na mke.

Baba amefariki muda mrefu. Nilimzika nikimjua kama mtu aliyekuwa anawakubalia wazee kila kitu. Nikamwuliza mama kwa nini hakuwahi kuniambia. Akasema, "Ilikuwa siri yake, si yangu."

Zile kurasa nne nimezitoa fotokopi, mia moja moja, nimezibandika mahali pake kwa gundi ya unga wa ngano. Jumla nakala imenigharimu elfu nne na mia nne. Kijana wa Jamatini anasema Shujaa Okonkwo ataniulizia Dar, nipite Jumamosi. Jumamosi tatu zimeshapita, na kila nikienda ananiuzia kitabu kingine. Mama hataki kusubiri. Tumefika Mbanta.